Aliyeonja Kwanza

Siku ya tisa tangu Mokami alale mahabusu na mtoto wake mgongoni, bahasha ya mkemia ilifika kutoka Mwanza. Sajenti Honoratha aliifungua akiwa amesimama kaunta. Alisoma mstari wa mwisho kwanza, kama alivyozoea, kisha akarudi juu akasoma yote. Hakuna sumu. Kwenye ini la marehemu Eunice hakuna, kwenye tumbo la mwenzake Vincent hakuna, kwenye sufuria na kibuyu hakuna. Ile chupa iliyookotwa chini ya kitanda cha Mokami, ambayo kijiji kizima kiliiona ikibebwa juujuu kama kichwa cha chatu, ilikuwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, na haikuwa imefunguliwa.

Akaipeleka kwa mkuu wa kituo, Inspekta Kassian.

"Kwa hiyo?" Kassian aliuliza bila kuishika.

"Kwa hiyo mama yule hana kesi, afande. Atoke."

"Atoke aende wapi? Pale Nyarero wameshamng'olea mlango. Nikimtoa leo mikono mitupu, kesho nakutuma wewe huyohuyo ukaokote majivu." Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu asubuhi. "Ezekiel na watu wake wanakuja saa tisa kuchukua majibu. Na hao, sajenti, hawaulizi nini kilitokea. Wanauliza nani."

"Na kama hakuna nani?"

"Basi watamtafuta wenyewe. Una mpaka saa tisa."

Honoratha alirudi mezani akalifungua jalada, kurasa zake zimeshakuwa laini kwa kufunuliwa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Wakati wa palizi, Bibi Mogesi, mjane wa kitongoji kimoja cha Nyarero, aliita risaga, wanawake wa jirani waje wapalilie naye shamba kwa zamu kama wanavyofanya miaka yote. Mokami ni mke wa huyo bibi. Kwa Wakurya jambo hilo halina ajabu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, ndoa hiyo ikaitwa nyumba ntobhu, na mtoto atakayezaliwa ni wa boma lake yule aliyeoa. Basi siku ile wanawake walikula hukohuko shambani, ugali na dagaa wa chungu chao. Watoto kumi na mmoja walipikiwa nyumbani kwa Mogesi, ugali na maziwa mgando katika sufuria moja kubwa, mpishi akiwa Mokami.

Siku kumi na mbili zikapita. Mtoto wa kwanza akapata homa, akafuata wa pili, mpaka wakafika watano. Wakanunuliwa dawa za malaria dukani. Homa ikawa inapanda kila jioni kama mtu anayepanda ngazi. Wiki ya nne tumbo la Eunice, binti wa Ezekiel, likakakamaa kama ngoma, na kabla hawajampata wa kumbeba alikuwa amekata roho. Vincent akamfuata baada ya siku tatu. Mseti, wa tatu, alifikishwa hospitali akapasuliwa, yu hai.

Na ukurasa wa nne ndio uliomfunga Mokami. Maelezo ya Ezekiel, kaka wa marehemu mume wa Mogesi, Honoratha aliyaandika kwa mkono wake:

*Kwetu mtoto hali kwa jirani mpaka mtu mzima wa boma lile aonje mbele ya macho ya watu. Tuliamua hivyo tangu mzee mmoja adondoke kwa pombe iliyotiwa sumu. Siku ile shemeji yangu Mogesi alionja, wanawake wanaona kabla hawajarudi shambani. Hajaumwa hata jino. Basi sumu iliingia baada ya kuonja. Na baada ya kuonja sufuria ilibebwa na nani kupelekewa watoto? Na mtoto wake yeye mbona mzima? Kikulacho ki nguoni mwako, afande.*

Ilikuwa hoja iliyonyooka. Honoratha mwenyewe aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kilichomkera ni zile siku kumi na mbili. Dawa ya ng'ombe haisubiri siku kumi na mbili. Baadaye alimgeukia Ezekiel, kwa sababu boma lisilo na mrithi lingerudi kwake, akapoteza siku nne nzima akimfuatilia. Kumbe siku ya risaga mtu huyo alikuwa Sirari, mpakani, tangu alfajiri, na mashahidi wanane. Na tena, ni nani aue binti yake wa pekee kwa ajili ya ekari tatu za mawe?

Simu ikaita. Alikuwa Danford, mtaalamu wa maabara ya hospitali.

"Dada Hono, majibu yameota. Njoo."

"Niambie."

"Hili siyo la kwenye simu."

*

Danford alikuwa mtu wa Iringa, mrefu, mwenye kusema polepole kana kwamba kila neno analipima. Kabla ya kuja Tarime alikaa miaka mitatu kule Machochwe, ukingoni mwa hifadhi. Mezani kwake palikuwa na visahani vya plastiki vyenye vifuniko, na ndani yake madoa madogo kama matone ya nta.

"Hiki ni cha damu ya Mseti," alisema. "Wadudu wa homa ya matumbo. Hao ndio waliomtoboa utumbo, na nikikisia ndio waliowaua wenzake."

"Nilijua si sumu."

"Ngoja. Uliniambia nichukue choo cha watu wote wa boma lile, siku tatu tofauti, nikakuona unanisumbua. Hiki ni cha Mokami. Siku zote tatu, hana kitu. Mtoto wake, hana kitu." Akasukuma kisahani cha mwisho. "Hiki ni cha bibi."

Honoratha aliinama. Madoa yalikuwa yaleyale.

"Bibi Mogesi anaumwa?"

"Haumwi. Nilimpima joto, nikambonyeza tumbo, akanicheka, akaniuliza kama natafuta mimba." Danford hakucheka. "Ana umri wa kuniita mjukuu na anabeba debe la maji kichwani."

"Sasa Danford, mdudu mmoja, huyu anaua mtoto wa miaka sita, huyu anabeba debe? Eleza kwa lugha ya polisi."

Danford alifikiri. "Umewahi kuwaona tembo?"

"Kwenye noti."

"Kule Machochwe wapo. Mchana tembo yuko ndani ya hifadhi, anakula majani yake, hata watalii wanakuja kumpiga picha. Usiku huyohuyo anavuka mpaka, anaingia kwenye mahindi ya mtu, asubuhi hakuna shamba wala ghala. Tembo ni yuleyule. Tumbo nalo lina wadudu wengi wasio na hesabu, langu na lako, na wengi wana faida. Wamekaa tu. Mdudu kukaa tumboni ni jambo moja, kushambulia ni jambo jingine. Kwa Mseti waliingia kwenye ukuta wa utumbo, mwili ukapigana nao, utumbo ukavimba, ukawaka, ukachanika. Kwa bibi wamejibanza, hasa kwenye nyongo, mwili umewazoea. Hakuna uvimbe, hakuna homa. Ila kila akienda chooni, baadhi wanatoka."

"Na kutoka chooni mpaka kwenye sufuria?"

"Hapo ni kazi yako. Mimi naishia kwenye kisahani."

Honoratha alitoa daftari. Alianza kusoma majina ya watoto kumi na mmoja, akiweka alama. Mmoja wao, Beatrice, alichelewa siku ile akala na wanawake shambani, wala hakuumwa. Wawili hawapendi mgando, wakala ugali mkavu na chumvi, wazima. Nje ya orodha, mtoto wa Mokami ana miezi saba, ananyonya, hajawahi kuonja kitu kingine, mzima. Wanane walikunywa maziwa. Watano kati yao ndio walioanguka.

"Ugali ulikuwa wa moto," alisema taratibu. "Maziwa yalikuwa baridi."

"Endelea."

"Nilimwuliza kila shahidi nani alibeba sufuria. Sikumwuliza hata mmoja nani alitia mkono..." Alifunua kurasa haraka, akapata maelezo ya mwanamke mmoja, akasoma kwa sauti: "*Bibi alimega tonge, akachovya, akala. Akatia vidole akakoroga mpaka chini ili tuone hapajafichwa kitu, akalamba, akakoroga tena. Ndipo tukawaruhusu watoto.*"

Nje mtu alikuwa akiburuta kiti cha wagonjwa chenye gurudumu bovu.

"Walimtoa mtu wa kuwakinga," Danford alisema.

"Na kwa sababu hakufa, wakamfunga mwingine." Honoratha alikaa. "Kwa hiyo ni yeye."

"Hapana, usiandike hivyo. Naweza kuapa kwamba wadudu wapo kwake. Siwezi kuapa kwamba walitoka kwake. Pengine yeye aliwapata kwa watoto."

"Bila kuumwa?"

"Ndipo ninaposhindwa. Muulize kama aliwahi kuugua homa kali, hata zamani sana. Wapo watu wanaopona, na wadudu wasiondoke kamwe."

"Tiba?"

"Vidonge vya wiki nne, na sabuni kila atokapo chooni. Wapo wanaopona. Wapo wanaomaliza dawa yote na wadudu wanarudi."

"Na karatasi hii, jina lake litasomwa na nani?"

"Habari ya mgonjwa ni siri, dada."

"Siri! Ezekiel atakaa kwenye baraza la ritongo mbele ya kijiji kizima aseme, mwanamke huyu alikuwa na kitu tumboni, watoto wetu wakafa, yeye akanenepa. Unajua watu wanamwitaje mtu wa namna hiyo?"

Danford alijua. Alianza kufunika visahani kimoja kimoja.

*

Saa sita mchana Honoratha alizima pikipiki mbele ya boma la Mogesi. Mlango wa nyumba ya Mokami uliegemezwa ukutani, bawaba zimening'inia. Bibi alikuwa chini akipepeta maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, afande. Umekuja na mke wangu au umekuja na maneno?"

"Maneno, bibi."

"Maneno nimeshiba. Kaa."

Honoratha alikaa kwenye kigoda. Alianza mbali. Aliuliza habari za shamba, za magoti, kisha akauliza kama katika maisha yake aliwahi kuugua tumbo na homa, homa ya kulala wiki nyingi.

"Mimi? Mimi ni jiwe." Bibi alipepeta mara mbili. "Niliumwa mara moja tu. Mwaka ule wa vita ya Kagera. Mume wangu yuko mstari wa mbele, mimi nikalala huku mwezi mzima. Nywele zikatoka zote kichwani. Watu walisema atarudi mume akute kaburi. Akarudi akanikuta kipara." Akacheka mwenyewe. "Kwa nini?"

Honoratha alimweleza. Hakutumia habari ya tembo. Alimwambia kwamba wale wadudu waliomlaza mwaka ule hawakuondoka, kwamba wamekaa ndani yake hawamdhuru, na kwamba siku ya risaga walitoka vidoleni wakaingia kwenye maziwa. Akasema si uchawi wala si ubaya wake, ni ugonjwa, na una vidonge. Akayarudia maneno hayo ya mwisho, kwa maana aliona hayafiki.

Ungo ulikuwa umesimama mapajani mwa Mogesi.

"Tangu mwaka wa vita," alisema.

"Huenda, bibi. Hakuna wa kuapa."

"Baada ya vita nilizaa watano, wewe binti. Unajua? Watano. Wote vijana wa kiume. Wakiwa wananyonya walikuwa wanene mpaka watu wanaomba kuwabeba. Wakiachishwa..." Aliishia hapo. Midomo yake iliendelea kidogo bila sauti, kama anayehesabu. "Wakiachishwa, wakaanza kula, ndipo tumbo. Mmoja mmoja. Waganga wakaja, tukachinja mbuzi, tukahama boma mara mbili. Wa mwisho nilikuwa namtafunia nyama mimi mwenyewe, nisimwachie mtu, kwa hofu ya sumu."

Honoratha alikuwa na kalamu mkononi. Hakuandika.

"Ni mimi?"

"Bibi, miaka hiyo kulikuwa na magonjwa mengi. Surua, kuhara, malaria..."

"Nimekuuliza."

"Sijui. Na hakuna mtu duniani anayeweza kujua sasa."

Mogesi aliweka ungo chini. Alijiinua kwa kushika nguzo, akaingia ndani, akatoka na kitenge kingine mabegani.

"Twende kituoni."

"Kufanya nini?"

"Mke wangu atoke, niingie mimi. Niandikie kosa."

"Hakuna kosa la kuandika. Hukujua."

"Watoto wawili wamezikwa, na serikali haina kosa la kuandika?"

"Haina, bibi. Sheria inataka mtu awe amekusudia, au amezembea akijua. Wewe uliwakinga."

"Basi ndani ya chumba chenu nitakuwa salama kuliko hapa. Ezekiel atalikubali hilo neno lako, hukujua?"

Honoratha alitazama barabara. Alijua pia kwamba chumba cha mahabusu hakimpokei mtu kwa sababu anaogopa jirani zake, si kwa usiku zaidi ya mmoja au miwili. Akamsaidia kupanda pikipiki.

*

Ripoti aliiandika kaunta, dakika ishirini kabla ya saa tisa, bibi ameketi kwenye benchi nyuma yake. *Vifo vimetokana na homa ya matumbo. Hakuna sumu. Hakuna mtuhumiwa. Chanzo cha maambukizi kinaendelea kuchunguzwa na idara ya afya.* Akaweka nukta, akaitazama ile nukta.

Kassian alisoma.

"Chanzo hukijui?"

"Kinachunguzwa, afande."

Kassian alimwangalia, kisha akaangalia benchi juu ya bega lake, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Akatia saini. "Mwambie askari amfungulie Mokami. Bibi alale kwa ndugu mjini. Dawa zake ni za muda gani?"

"Wiki nne, afande. Na baada ya hapo?"

"Sajenti, usiniulize mimi mambo ya Mungu."

Ezekiel alikuwa tayari uwanjani, na wanaume sita. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la suti lililokuwa la mtu mkubwa zaidi, na tangu msiba hakuwa amenyoa ndevu. Honoratha aliwasomea ripoti akiwa amesimama ngazini.

"Homa ya matumbo," Ezekiel alirudia. "Wadudu."

"Ndiyo, mzee. Wanaingia kwa maji, kwa maziwa, kwa mikono isiyooshwa. Wataalamu watakuja kupima visima, na kila boma litapata elimu ya sabuni."

"Sabuni." Alilitamka kama mtu anayeonja kitu kichungu. "Binti yangu nimemzika, afande, unanipa sabuni."

"Pole sana, mzee wangu. Sina kingine."

"Na Mokami?"

"Hana hatia. Ofisi ya mkemia imesema, hospitali imesema, na mimi nasema."

Wanaume walinong'onezana kwa Kikurya. Mmoja alitema mate pembeni, mwingine akasema karatasi ni karatasi. Ila muhuri waliuona, na neno hospitali lilikuwa na uzito wake. Ezekiel alikunja nakala mara nne, akaitia mfukoni mwa koti.

"Sawa," alisema. "Kama ni ugonjwa, ni ugonjwa. Nilimtukana mke wa shemeji yangu bure. Nitamrudishia mlango wake."

Honoratha alishusha pumzi. Watu walianza kugeuka kwenda barabarani.

Ndipo Mokami alipotoka, amekonda, kanga imemlegea, macho yakipigana na jua. Bibi Mogesi alikuwa amemfuata mpaka kizingitini. Mokami alipomwona alicheka na kulia kwa pamoja. Akamfungua mtoto mgongoni, akamnyanyua juu kwa mikono miwili, miguu ya mtoto ikirusharusha hewani.

"Mama, pokea mwanao. Ameota meno mawili humo ndani! Nimekuwekea wewe umwonjeshe uji wa kwanza."

Mogesi alirudi nyuma hatua moja. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kuinuka. Akaivuta, akaikunja chini ya kitenge, akaibana kwapani.

"Mshike wewe," alisema.

"Mama?"

"Nimesema mshike wewe."

Mokami alibaki na mtoto hewani, hajui amrudishe au amsogeze. Mtoto mwenyewe alimjua bibi yake, akawa anajinyoosha kwake huku akipiga kelele za furaha.

Ezekiel alikuwa ameshafika kwenye lango. Alisimama. Aligeuka taratibu, akaitazama ile mikono iliyofichwa, akamtazama shemeji yake usoni, mwanamke aliyetoa ng'ombe kumi na wawili ili amshike mtoto huyu.

"Shemeji," alisema, bila ukali wowote. "Mbona humshiki?"

Wale sita nao wakageuka. Mogesi aliinamisha kichwa. Honoratha alishuka ngazi moja, akafungua mdomo. Lakini kila jibu la kweli alilokuwa nalo lilianza na jina la yule bibi, na la uongo hakulipata kwa haraka.